Diski Isiyofanya Kazi Sabato

Mwalimu hanywi chai. Miaka yote amelima chai, akaichuma kwa mikono yake mwenyewe, akaipeleka kituo cha kuuzia majani na kusimama kwenye foleni na kapu mgongoni kama wengine wote, lakini tangu nimjue sijaona kikombe cha chai kikigusa mdomo wake. Ukimkaribisha nyumbani anasema, "Nipe maji ya moto." Unamletea maji ya moto matupu, naye anayapuliza, anayanywa taratibu, halafu anayasifu. "Maji haya mazuri," anamwambia mke wangu, kana kwamba kuna namna ya kuyapika. Siku moja nilimwuliza kama haoni haya kuwauzia watu kitu ambacho yeye mwenyewe hakitaki tumboni mwake. Akanijibu, "Na wewe unatengeneza mageti ya watu, mbona kwako umezungushia miti?"

Wakati huo kwangu kulikuwa na ua wa miti kweli.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la nne, na nilichonacho nimekipata kwa moto na chuma. Nilibeba ndizi za watu pale Daraja Mbili mpaka shingo ikawa ngumu kama nguzo. Kuchomelea nilijifunza kwa kumtazama fundi aliyekuwa akinifukuza kila siku, nami nikirudi kila siku. Kuna miaka ambayo ukitembelea watu kuanzia Ekerenyo hadi Birongo, mara nyingi ulipita kwenye geti langu kabla hujapita kwenye mlango wao. Sijisifu. Nasema kilichokuwapo.

Sasa, picha za mageti hayo ziko kwenye diski moja nyeusi ya kuchomeka kwenye kompyuta, ndogo kama Agano Jipya la mfukoni, na diski hiyo ni ya Mwalimu. Mageti yenyewe mengi hayapo tena. Mengine yameliwa na kutu. Mengine watoto waliorithi boma waliyang'oa wakayauza kwa watu wa vyuma chakavu, wakaweka mapya ya kisasa yenye mapambo ya simba. Kilichobaki cha kazi yangu ya maisha ni zile picha, na nilikaa karibu mwaka mzima bila kujua kama nitaziona tena. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hilo, na mwenye diski.

Nieleze vizuri, maana asiyejua atadhani tulikuwa wazee wawili walioshindwa na akili.

Mwalimu alipostaafu kufundisha alifungua duka dogo la kupiga picha na kuchapisha karatasi, hapo sokoni Ekerenyo, karibu na karakana yangu. Wateja wangu walikuwa wakitaka kuona mifano ya mageti kabla hawajaagiza, nami nilikuwa nikiwachorea kwa chaki kwenye sakafu. Mwalimu alikuja akasimama juu ya mchoro wangu, akautazama, akasema, "Fundi, unachora kama mtu anayefukuza kuku. Nunua laptopu."

Nikanunua. Shida ikawa kusoma. Kusoma nasoma, lakini polepole, kwa kidole, na mteja hana subira ya kungoja mzee atafute neno. Mwalimu hakunicheka kwa hilo. Alinicheka kwa mengine yote lakini si kwa hilo. Akaweka kwenye ile mashine programu ndogo inayopanga safu ya picha chini ya skrini, kama vibanda vilivyopangwa kando ya barabara. Picha ya geti, ya dirisha, ya ngazi, ya benchi la kanisa. Ukibonyeza geti, inafunguka folda ya mageti. Ukibonyeza benchi, mabenchi yote niliyowahi kutengeneza hayo hapo. Hakuna kusoma. Siku ya kwanza nilibonyeza tangu asubuhi mpaka mke wangu akaja kuuliza kama leo hakuna chakula kinacholiwa.

Lakini zile folda hazikuwa ndani ya laptopu. Zilikuwa kwenye diski yake. Na kila Ijumaa, jua likianza kuinama, Mwalimu alikuwa akiingia karakana, anachomoa diski, anaitia kwenye mfuko wa koti, na kuondoka nayo.

"Mwalimu, kesho ni Jumamosi," nilimwambia mara ya kwanza. "Soko limejaa. Wateja wangu wote huja Jumamosi."

"Kesho ni Sabato."

"Yako. Mimi ni Mkatoliki."

"Laptopu ni ya Mkatoliki. Sijaigusa. Diski ni ya Msabato."

"Lakini picha ni zangu!"

"Picha ni zako, kazi ya kuzipanga ni yangu. Nikikupangia kitu, kitu hicho ni mkono wangu. Sasa unataka mkono wangu ufanye kazi Sabato na mimi niko kanisani?"

Nilimwambia basi anakili zile picha aziweke ndani ya mashine yangu, mambo yaishe. Akakataa. Alisema itakuwa ni ujanja, na Mungu anajua ujanja wa kompyuta kama anavyojua ujanja wa kumkodisha ng'ombe wako akalime Sabato. Tuligombana hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka na miaka. Niliapa kumtafuta mtu mwingine. Sikumtafuta. Mke wangu alikuwa akisema, "Hawa wawili wakikosa kugombana Ijumaa, mmoja atakuwa mgonjwa."

Jumamosi, basi, safu yangu yote ilikuwa alama za kuuliza. Diski ikiondoka, ile programu ilikuwa ikizitafuta folda, inazikosa, na mahali pa kila picha inaweka alama ya kuuliza. Mteja anakuja, anainama, anaona alama za kuuliza zimejipanga kama watoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nikirudi kwenye chaki.

Jumapili nikitoka misa namkuta amekaa kwenye benchi la karakana na diski mkononi. Sabato yake ilikuwa imeisha tangu jana jua lilipozama, lakini alikuwa haji mpaka nimetoka kanisani, kwa heshima. Hilo nampa. Hapo ndipo shule ilikuwa ikianza.

Maana mara nyingine diski ilirudi na zile alama za kuuliza zikakataa kuondoka. Mara ya kwanza nilipiga meza nikasema imekufa.

"Usiipigie kelele," Mwalimu akasema. "Haijakosa kitu. Iulize picha ya geti inatazama wapi."

"Niiulize vipi?"

"Shika kipanya. Mimi sishiki. Bonyeza upande wa kulia. Sasa nenda kwenye sifa zake. Soma."

Nikaweka kidole kwenye skrini nikasoma kwa jasho. Kulikuwa na herufi E mwanzoni, halafu alama, halafu neno mageti.

"Sasa diski yenyewe iko wapi? Fungua uone."

Nikafungua. Ilikuwa F.

Alinieleza hivi. Kila kitu unachochomeka kwenye mashine hupewa herufi, kama mgonjwa anavyopewa namba akifika hospitali. Diski ikitangulia inapata E. Ikikuta flashi ya mteja imeshakaa pale, inapata F. Na zile picha za safu ziliambiwa zamani zitazame E, kwa hiyo zinatazama E tu, zinamkuta mgeni, zinasema hatumjui. Unachotakiwa ni kutoa flashi, uchomoe diski uirudishe. Au uiendee picha moja moja, ubadilishe herufi, uiambie sasa tazama F.

"Kwa hiyo folda haikupotea," nilisema.

"Wewe ndiye ulipotea. Folda ilikuwa nyumbani kwake muda wote."

Nilimwuliza kama hakuna dawa ya kudumu, diski ipewe herufi yake yenyewe isiyonyang'anywa na mtu. Akasema ipo. Nikamwuliza mbona hanipi. Akasema dawa ya kudumu ingenifanya nisisome tena. Nilikasirika sana, lakini ukweli ni kwamba ninachojua cha kusoma leo nilikipata pale, Jumapili baada ya Jumapili, kwa kufuata njia ya folda neno kwa neno. Mtu mwingine alijifunza kusoma kwa Biblia. Mimi nilijifunza kwa mageti yangu mwenyewe.

Kuna siku moja watu wa Ekerenyo hawataisahau. Nilikuwa nabonyeza, mkono ukateleza, nikaivuta picha ya geti ikatoka nje ya safu. Nilipoiachia, ikatoa moshi. Nasema moshi, wingu dogo jeupe, puu, halafu picha haipo. Mimi nimefanya kazi na umeme maisha yangu yote. Nikiona moshi sijiulizi. Nilichomoa waya ukutani, nikazima swichi kubwa ya karakana, nikamwagia meza mchanga wa ndoo, nikapanda boda boda hadi shambani kwa Mwalimu huku nimevaa miwani ya kuchomelea kichwani.

Alikuwa katikati ya mistari ya chai, akichuma.

"Mageti yameungua!" nilipiga kelele nikiwa bado juu ya pikipiki.

"Yapi?"

"Yote! Yametoa moshi!"

Hakusimama. Mikono iliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. "Moshi ulinuka?" akauliza.

Nikafikiri. "Haukunuka."

"Basi nenda unywe maji. Nikimaliza mstari huu nakuja."

Alikuja jioni na kapu lake. Akapangusa mchanga kwenye laptopu kwa leso yake, akisema, "Pole, pole sana, mama. Huyu ndiye mwenye mali, tutafanya nini?" Yale maneno ya upole hakuwahi kumpa binadamu. Wanafunzi wake wa zamani, watu wenye mvi na wajukuu, bado wakikutana naye njiani huficha viganja nyuma ya mgongo bila kujua. Lakini mashine alikuwa akiipa pole kama mjamzito. Akaniambia kile nilichokiondoa ni kibao tu. "Mtu aking'oa kibao cha njiani kinachosema Birongo, je, Birongo imeungua?" Akanifanya niingie mwenyewe kwenye diski, nitafute folda ya mageti, niikokote mpaka kwenye safu, niiachie. Picha ikarudi. Karakana nzima ikapiga makofi, na yule wa boda boda, ambaye nilikuwa sijamlipa, akapiga makofi kuliko wote.

Kwa muda mrefu watu wa sokoni walinisalimu hivi: "Fundi, moshi ulinuka?"

Mwalimu alikuwa mtu wa kuchelewa. Usidanganyike na Sabato. Ukimwambia asubuhi, anakuja adhuhuri. Harambee inaanza, watu wanatoa, wanaondoka, ndipo anatokea akiuliza itaanza lini. Siku ya Ijumaa peke yake ndiyo sikuwahi kuona amechelewa hata kidogo. Nilimwambia Mungu wake amemzoesha vibaya, na sisi wengine tumebaki na makombo ya muda wake. Akasema angalau yeye ana siku moja anayofika mapema, mimi sina.

Picha tulizipiga pamoja. Tulikodi pikipiki, yeye nyuma ya dereva na kamera kifuani, mimi nyuma yake, tukienda boma kwa boma kuyatafuta mageti yangu ya zamani. Nilidhani tutapiga yote kwa wiki moja. Lakini Mwalimu hakupiga picha ya geti la mtu bila kuingia, kusalimu, kukaa, kuulizwa habari za watoto, kuombewa. Siku nyingine tulirudi na geti moja tu.

Na kitu kingine kilichonikera: alitaka mwenye boma asimame kwenye picha.

"Mteja anataka kuona vyuma," nilimwambia. "Hataki kuona nyanya ya mtu."

"Geti bila mwenyewe ni vyuma kweli," akasema. "Wewe ulimtengenezea nani?"

Kule Birongo tulifika kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akianika mahindi. Alipoona wanaume wawili wanapima geti lake kwa macho na mmoja ana kamera, akachukua jembe.

"Nyinyi ni wa mnada?"

"Hapana, mama," nikasema. "Mimi ndiye nililitengeneza hili geti."

"Wewe?" Akanitazama juu hadi chini. "Ndiwe uliyeweka kufuli mahali ambapo mkono haufiki?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mahindi ya watu. Mama akashusha jembe, akaingia ndani, akarudi amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, akasimama kando ya geti wima kama askari. Ndiye huyo kwenye picha mpaka leo. Kufuli linaonekana, nalo liko juu sana. Kweli niliharakisha siku ile.

Wateja waliziona hizo picha wakalalamika. Halafu wakaanza kusema, "Aa, huyu ni shangazi wa mke wangu." Au, "Huyu mzee si ndiye tuliyemzika mwaka ule?" Wakaketi. Wakaangalia moja baada ya nyingine. Wengine walikuja karakana kuangalia tu, bila kuagiza hata bawaba. Nilimlaumu Mwalimu kwa kuwa amenigeuzia karakana kuwa matanga. Akasema karakana yangu sasa ina watu kuliko kanisa langu.

Basi, Ijumaa moja alikuja kama kawaida. Tukagombana kama kawaida. Akachomoa diski, akaitia mfukoni, akaenda. Jumapili nilitoka misa, nikakuta benchi tupu. Nikamwambia mke wangu achemshe maji, kwamba Mwalimu leo amerudia tabia yake ya kuchelewa. Tuliyachemsha mara ya pili. Jioni ndipo tulipopata habari kwamba alianguka nyumbani na amepelekwa hospitali. Kiharusi. Upande wote wa kulia.

Nilimtembelea wodini. Hakuweza kusema. Nilikaa, nikasoma Zaburi kwa kidole, nikaenda. Ningewezaje kumwuliza mtu aliyelala vile habari za diski? Baadaye binti yake, ambaye ana duka la dawa Kisii mjini, akamchukua akae naye huko. Nyumba ya Ekerenyo ikafungwa. Chai yake wakapewa watu wachume.

Nami nikabaki na safu ya alama za kuuliza. Si Jumamosi tu. Jumatatu, Jumanne, siku zote. Watu walinishauri niiondoe ile programu, au nipige picha mpya kwa simu. Picha mpya za nini? Mageti hayapo. Yule mama wa Birongo hayupo. Mteja mmoja akaniuliza alama hizi zote ni za nini.

"Ni mageti," nikamwambia.

"Mbona siyaoni?"

"Yanapumzika."

Alidhani nimelewa.

Mke wangu alivumilia, halafu siku moja akaniambia tukiwa tunamenya ndizi, "Kisii ni hapo tu. Mbona huendi kuchukua vitu vyako?"

"Mtu ni mgonjwa. Nitaendaje kudai?"

"Hujakatazwa kudai. Unachoogopa si hicho. Unaogopa akikurudishia diski, ndiyo imekwisha."

Nilimwambia amenye ndizi. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilifunga laptopu kwenye shuka na kuondoka.

Binti yake anakaa ghorofani, upande wa Daraja Mbili, na kelele za wauza mitumba zinapanda mpaka dirishani. "Karibu, Baba," akaniambia mlangoni kwa sauti ya chini. "Amekuwa akikuuliza. Ile diski amekataa niiweke mahali popote. Analala nayo chini ya mto."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti dirishani. Alikuwa amepungua. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo na mtu mwingine, maana kola moja ilikuwa juu kuliko nyingine, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kola hivyo. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu.

"Umechelewa," akasema. Maneno yalikuwa yanatoka polepole, moja moja, lakini yalikuwa yake.

"Wewe ndiye uliyechukua diski, halafu mimi ndiye nimechelewa?"

"Ulijua nilipo."

Nikafungua laptopu mezani mbele yake. Binti akaleta diski, ikiwa na joto la kitanda. Nikaichomeka. Tukangoja. Alama za kuuliza hazikuondoka.

Nilimtazama. Nikabonyeza upande wa kulia, nikaenda kwenye sifa, nikasoma, na sikutumia kidole. E. Nikatafuta diski iko wapi: F. Ubavuni mwa mashine mke wangu alikuwa ameacha flashi ya nyimbo za kwaya yake, nayo ndiyo iliyokalia E. Ningeweza kuitoa tu. Sikuitoa. Niliziendea picha moja moja, geti, dirisha, ngazi, benchi, nikabadilisha herufi, na kila moja iliponyooka Mwalimu alivuta pumzi kwa pua kama mtu anayesahihisha mtihani.

Tukayaangalia mageti. Tulipita Birongo yote, tukarudi Ekerenyo, tukaingia boma kwa boma. Akiona mtu anamtaja. "Huyu alikuwa na deni la kitabu." "Huyu nilimfundisha yeye na mwanawe, wote vichwa vigumu." Alipofika kwenye geti lake mwenyewe, ambalo yeye mwenyewe amesimama kando yake akiwa na kapu la chai, nyuma yake mistari ya kijani imeshuka mpaka mtoni, hakutaja mtu. Nami sikubonyeza mbele.

"Nani anachuma?" akauliza.

"Majirani."

"Wanachuma vibaya."

"Vibaya sana," nilisema, ingawa sijui.

Halafu akageuka kutoka kwenye skrini, akaniambia, "Nakili."

"Nini?"

"Zote. Ziweke ndani ya mashine yako. Zikae huko huko."

Ndicho nilichokuwa nikikililia miaka yote. Nikamwuliza, "Na Sabato?"

Akautazama ule mkono wa mapajani. "Huu sasa unapumzika siku zote. Hauna cha kuvunja. Nakili, Fundi. Ukae na kazi yako. Usimtegemee mtu."

Nikashika kipanya. Kunakili si kazi. Unachagua, unabonyeza, unakwenda unakotaka, unabonyeza tena. Nimefanya hivyo kwa michoro ya wateja mara nisizoweza kuhesabu. Mshale ulikuwa tayari juu ya folda. Huko chini mtu alikuwa akiita bei ya makoti. Nilijua nikishabonyeza, nitafunga laptopu kwenye shuka, nitaaga, na hakutakuwa na sababu ya mimi na yeye kugombana tena.

Nikaondoa mkono.

"Sijui kunakili," nikasema.

Akanitazama. "Nilikufundisha."

"Haikuingia."

"Nilikufundisha mara nyingi."

"Mimi ni mtu wa darasa la nne, Mwalimu. Ulitarajia nini?"

Alinitazama vile anavyomtazama mwanafunzi aliyekuja kuomba ruhusa kwa kuwa nyanya yake amekufa, na nyanya huyo alikufa pia muhula uliopita. Sikuyakwepa macho yake. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia, haelewi.

"Diski hii imezeeka," akasema mwishowe. "Inaweza kufa wakati wowote."

"Najua."

"Ikifa, mageti yako yote yameenda."

"Najua, Mwalimu."

Akarudisha uso dirishani. Mkono wa kushoto ulinyanyuka polepole, ukaishika ile kola iliyopanda, ukaivuta ikakaa sawa.

"Basi chukua uende nayo," akasema. "Ijumaa uilete hapa. Jumapili uje uichukue."

"Sawa."

"Kabla jua halijazama, Fundi. Si kuja hapa na giza ukinieleza habari za pikipiki."

Kutoka Ekerenyo hadi Kisii mjini na kurudi ni safari kwa mtu wa umri wangu, na Ijumaa ndiyo siku ambayo chuma hufika karakana. Nikamwambia nitafika mapema.